Wale Watano wa Njia ya Kilimani

Chileshe na Mwape,

Mmeniomba niwaachie maelezo ya kazi kabla sijasahau. Ninayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Chileshe, ambaye mama yake ni wa kwetu, atamsomea Mwape, na Mwape atajifanya haelewi, kama anavyofanya akitumwa kuchota maji. Kuhusu vyeo sina la kusema. Niliingia nikiwa mtunza njia na nimetoka nikiwa mtunza njia, na katikati yake hakuna aliyenipigia makofi.

Njia yetu ni fupi. Inaanzia nyuma ya vichanja vya kukaushia samaki, inapanda katikati ya mawe, inapita mahali palipokuwa kijiji cha zamani, halafu inaishia juu ya mwamba ambapo asubuhi isiyo na ukungu mtu anaona kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani, na moshi wa wavuvi wake. Hakuna zaidi. Muzungu mmoja alifika juu hata jasho halijamtoka, akaniuliza njia iliyobaki iko wapi. Nilimwambia imebaki ile aliyopandia. Vijana wa mjini Nchelenge wao hupanda kutafuta mtandao wa simu, wanasimama mahali pazuri kuliko pote ziwani wakiwa wameinamisha vichwa. Msiwacheke. Wengine huinua kichwa baadaye.

Siku yangu ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha, na nilidhani nitarudishwa nyumbani. Msimamizi wa njia wakati ule alikuwa Ba Mulenga, kama tulivyomwita kwa heshima, mtu mrefu, mkavu, aliyewahi kuongoza genge la wajenzi wa barabara. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwenye biashara ya samaki, kwa hiyo alijua vizuri kupatana bei na kutukana, na yaliyobaki aliyasema kwa Bemba. Hakunisalimu sana. Alinipa jembe, akaniita Mama Feza kwa Bemba: "Bana Feza, twende tuone maji."

Tulipanda kwenye mvua ile ile. Kila baada ya hatua chache alisimama, akanionyesha maji yanavyoshuka: hapa yanafuata njia kama ng'ombe, hapa yanakula ukingo, hapa yameng'oa jiwe ambalo watu wawili walilibeba. Nilikuwa natetemeka, viatu vimejaa tope. Nikamwuliza kama si afadhali tuje jua likiwaka.

"Jua likiwaka utaona njia nzuri," akasema. "Njia nzuri haikufundishi kazi."

Basi hivyo ndivyo nilivyojifunza. Mifereji ya kukata njia ichimbwe kwa mshazari, si wima, na izibuliwe kabla mvua za kwanza hazijafika, si baada. Jiwe la ngazi lilazwe kwa upande wake mzito chini na lifukiwe kiasi cha nusu yake. Likicheza ukilikanyaga, litoeni mlilaze upya kwa mtalimbo, msilikwamishe kwa kokoto mkadhani mmemaliza. Fyekeo linolewe jioni, kwa sababu asubuhi kila mtu ana haraka. Mgeni akiogopa kushuka, msimshike mkono na kumwambia asiogope. Tembeeni mbele yake, mmwulize habari za watoto wake. Ataanza kueleza na miguu itashuka yenyewe. Yupo mama mmoja mnene kutoka Mansa aliyenisimulia harusi tatu kutoka mwambani hadi chini, na tulipofika alishangaa kwamba tumefika.

Mahali pagumu pa njia hii si mwamba. Ni pale kwenye kijiji cha zamani. Mnapajua: kuna mawe mapana yenye mashimo ambayo wanawake waliyachimba kwa kusaga nafaka, na wageni hupenda kuweka chupa zao za maji humo. Bibi yake Ba Mulenga alizaliwa pale. Wakati wa wakoloni ulipoingia ugonjwa wa malale, watu waliamriwa kuhama kutoka kando ya ziwa, na ili wasirudi nyumba zao zilichomwa moto. Bibi huyo alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Baada ya miaka waliruhusiwa kurudi ziwani, lakini hakuna aliyetaka kujenga tena juu ya majivu yale, wakaenda kujenga kwingine. Ardhi ikabaki haina mwenyewe. Ba Mulenga alipokuwa akiisimulia habari hii kwa wageni hakuongeza hata neno moja la uchungu. Aliwaambia wachukue chupa zao kwenye mawe, basi.

Kwa sababu ardhi ile haikuwa na mwenyewe, ndiyo iliyotolewa kuwazikia wale watano walipokufa.

Ulikuwa mwaka ule vita vilipowaka tena upande wetu wa Kongo na mashua zilikuwa zinavuka kila siku zimejaa watu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevuka zamani, msichana, nikimfuata baba yangu aliyeuza samaki, nikaolewa huku. Nilivuka nikiwa na sanduku na chakula cha njiani. Wao walivuka na walichovaa. Asubuhi moja upepo ulikuwa mkali, na mashua moja iliyobeba watu kuliko uwezo wake ilipinduka karibu na mawe chini ya mwamba wetu. Wavuvi walivuta watu kwa mikono, kwa kamba, kwa nyavu. Ba Mulenga, mtu mzima vile, aliingia majini mpaka shingoni. Walio hai walipakiwa garini haraka wakapelekwa Kenani, ambako wakimbizi walikuwa wanapokelewa, na waliozimia walipelekwa hospitali. Kelele zilipokwisha tukabaki na watu watano kwenye mchanga, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua majina yao.

Mimi na akina mama wawili wa kanisa tuliwaosha wanawake. Mmoja alikuwa mzee. Mwingine alikuwa kijana, pengine umri wa binti yangu Feza. Chini ya kiwiko cha mkono wa kushoto alikuwa na kovu pana la kuungua. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upande wa kuume tu. Upande wa kushoto zilikuwa zimechanwa, ziko tayari kusukwa, zimeachwa hivyo. Tuliangaliana. Kila mmoja wetu aliona ile saa: mtu ameketi chini anasukwa, halafu bunduki.

Niliwaambia wenzangu wanisubiri kidogo. Nilikaa nikapakata kichwa chake nikamalizia ule upande wa kushoto. Hakuna aliyeniharakisha, hata pasta.

Siku zilizofuata nilikwenda Kenani. Nilitembea kati ya mahema nikiuliza kama kuna anayemtafuta mwanamke mwenye kovu mkononi. Watu walikuwa wengi mno, kila mtu alikuwa anamtafuta mtu, na waliokuwa kwenye mashua ile walikuwa wamegawanywa, wengine bado wako hospitali. Nilirudi bila jina. Ba Mulenga alikuwa ameshaanza kupindisha njia ili izunguke makaburi, isipite juu yake. Alilaza mawe ya ukingo mwenyewe, kifua kinakohoa. Siku alipomaliza alisimama akifuta mikono yake kwenye suruali.

"Hawa nao wasimuliwe," akasema. "Mgeni akipita hapa asijue, tutakuwa tumewaficha."

Alifariki mvua zilizofuata, nyumbani kwake, kifua kile kile. Nikashika njia mimi.

Nikaanza kuwasimulia. Kwa kila kundi, baada ya habari ya malale na nyumba zilizochomwa, niliwaeleza habari za watano, mmoja mmoja, jinsi tulivyowakuta: mavazi, makovu, nywele. Mjumbe mmoja wa kamati yetu ya njia alinishauri nifupishe, kwamba wageni wamekuja kupumzika. Nilimjibu kwamba watapumzikia mwambani. Miaka ikapita hivyo. Wengine walilia, wengine waliangalia simu, mmoja aliniuliza kama kuna mamba.

Halafu ikaja kwaya kutoka Mantapala, kwenye makao ya wakimbizi. Chileshe, ulikuwa umeshaanza kazi, lakini siku hiyo ulikuwa umempeleka mwanao kliniki ya Kafutuma. Walifika na lori moja, wamevaa sare, wanaimba tangu vichanjani. Nilifurahi kusema Kiswahili chetu siku nzima. Tulipofika kwenye kijiji cha zamani, wasichana walikuwa wametangulia juu na nyimbo zao, nikabaki na wakubwa. Nikasimulia kama kawaida. Nilipomaliza watu walisema amina wakaendelea kupanda. Mtu mmoja hakuendelea. Alikuwa mpiga ngoma wao, mwanaume mwenye mabega mapana anayeitwa Banza, na ngoma yake ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Mama," akasema, "ule mwanamuke ya kovu. Ilikuwa ku mukono gani?"

"Wa kushoto, papa. Hapa, chini ya kiwiko."

"Na nywele, umesema upande moya tu?"

"Upande wa kuume."

Alivua ngoma polepole akaiweka chini, akaketi karibu nayo kama mtu anayekaa kusubiri gari.

"Njo yeye," akasema. "Ni Mwadi. Ni bibi yangu, mama ya batoto yangu. Ile kovu ni mafuta ya ngazi, mawese, ilimuunguza, mbele ya kuolewa."

Nilimwuliza kama nimwite mtu. Alinikataza haraka, akatazama juu kule nyimbo zilikokuwa.

"Apana, usiite mutu. Ule mutoto mukubwa kule mbele, ule anaongoza wimbo, ni Nyota, mutoto wake. Anayua mama iko Pweto."

"Papa, alijuaje hivyo?"

"Ni miye niliambiaka batoto. Balinitosha mu mayi, nikalala ku hospitali, sina akili. Kutoka kule, batu wa Kenani baliniambia Mwadi alionekana mu mashua ingine, ile ilirudia Pweto. Basi, nikangoya. Batoto banauliza, nasema mama iko Pweto, atakuya. Kila mwaka nasema vile. Nyuma nikaanza kuyua mu roho kama hatakuya. Lakini namna gani utaitosha ile neno, kama ilishakaa mu nyumba?"

Wenzake walianza kumwita kutoka juu, ngoma iko wapi. Alisimama, akajivika ile ngoma, akapanda. Nilisikia akipiga. Kwaya iliimba pale mwambani mbele ya ziwa, na mimi nilibaki chini kati ya mawe nikisikiliza mkono wa mtu aliyetoka kumpata mke wake hapo hapo. Hakukosea hata pigo moja. Sijui alifanyaje.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, bila kwaya, amekuja na Nyota. Msichana alikuwa amevaa nguo ya kanisani ingawa haikuwa Jumapili, na nilielewa kwamba ameambiwa wanakwenda mahali muhimu, hakuambiwa ni wapi. Banza alinivuta kando.

"Mama Feza, umuambie weye. Weye unazoea kusema hii mambo na batu."

"Papa, hapana," nikamwambia. "Neno hilo uliliingiza wewe nyumbani, wewe utalitoa. Nitakuwa hapo hapo. Ukisahau kitu nitaongeza."

Mtaniona mkali. Lakini katika kazi hii watu watataka mseme badala yao, na kuna mengine hayafai kusemwa na mtu wa kazini.

Alimketisha binti yake kwenye jiwe akamwambia. Alisema vizuri, pole pole, hakujitetea. Nyota alisikiliza mpaka mwisho akimwangalia mdomo.

"Ulisema iko Pweto," akasema.

"Nilisemaka."

"Na mudogo wangu Petro je? Petro akilia usiku, ni miye niko namuambia mama atakuya, lala. Kila siku, papa! Kumbe ni miye nilikuwa namudanganya mutoto!"

Akasimama akashuka njia mbio, viatu mkononi. Baba yake alitaka kumfuata. Nilimzuia, nikamwambia njia hii haina pengine inakokwenda isipokuwa kwenye vichanja vya samaki, na kule kuna watu watamwona. Tukakaa. Banza alikuwa anang'oa majani kwenye ukingo, moja baada ya jingine, na mimi nilimwacha ang'oe, yalikuwa yanahitaji kung'olewa.

Jua lilikuwa limeshapita kichwani tulipoona nguo yake tena. Alipanda bila haraka. Hakumwangalia baba yake. Alikuja moja kwa moja kwangu akapiga magoti kidogo, kwa heshima, kama anavyofanya msichana wa kwetu mbele ya mama wa watu.

"Mama, ni weye njo ulimuosha?"

"Mimi na wenzangu wawili."

"Alikuwa na alama ya kuumia?"

"Hapana, mwanangu. Alikuwa kama amelala. Ni maji tu."

Halafu akauliza kile nilichojua tangu alipoanza kupanda kwamba kinakuja, ingawa sikujua kitakuwa nini.

"Nywele yake. Ni miye nilikuwa namusuka. Nilikuwa mudogo, nilikuwa najifunza ku kichwa yake. Nilimaliza upande moya, nikasikia mikono inaniuma, akasema tutamaliza kesho asubui. Asubui ile tukakimbia." Akashika nywele zake mwenyewe, upande wa kushoto. "Balimuzika vile? Nusu?"

"Hapana, Nyota. Nilimmalizia mimi. Upande wa kushoto wote, mpaka nyuma. Lakini upande wako sikuugusa."

Aliniangalia sana.

"Mistari yangu ilikuwa inapinda," akasema.

"Ilipinda kidogo, karibu na sikio. Nikaiacha."

Ndipo akalia. Baba yake akaja akakaa upande wake wa pili, na baada ya muda mrefu yule msichana, bila kugeuka, akamwegemea. Mimi nikashuka kuzibua mfereji ambao haukuwa umeziba.

Walizungumza na wazee wa kijiji juu ya kumhamisha. Wazee hawakukataa. Mwishowe familia ikaamua abaki. Banza alisema mke wake amekaa pale na wenzake kwa miaka na hakuna aliyewasumbua. Siku ya ibada ya kumwombea kwaya nzima ilikuja, na Petro naye, amevaa koti la mtu mkubwa. Sitaandika alivyokuwa. Mtu ana haki ya kulia bila kuandikwa.

Kamati yetu ilikuwa imemwagiza fundi seremala atengeneze ubao wa makaburi, wa mti mgumu. Mwenyekiti, Ba Kalaba, aliyekuwa mfanyabiashara wa samaki na sasa ni mzee wa kanisa, aliuleta ukiwa umeandikwa kwa chaki tu, ili familia ione kabla fundi hajachonga. Juu kulikuwa na jina la Mwadi, vizuri kabisa. Chini yake: na watu wanne wasiojulikana. Nyota alisoma, akasoma tena. Akainua mkono kama yuko shuleni.

"Batusamehe bazee," akasema. "Musiandike vile. Mama yangu pia mulikuwa munasema hajulikane. Kwetu tulikuwa tunamuyua kila siku. Hawa wanne, kuko mutu anabayua. Ni shiye tu hatubayue bado."

Nilimtafsiria Ba Kalaba kwa Bemba. Alivua kofia yake akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Halafu akatoa leso, akafuta ile chaki mwenyewe mpaka ubao ukawa safi chini ya jina la Mwadi, akamwuliza Nyota kwa Kiswahili chake kidogo, "Basi, tuandike nini?"

"Muandike: majina hatuyue bado."

Ndivyo ulivyochongwa, kwa Bemba na kwa Kiswahili, na chini yake fundi aliacha mistari minne mitupu.

Kazi yenu ni hii. Ubao pakeni mafuta kila mwaka kabla ya mvua, na mistari ile minne isafisheni kuvu, msiruhusu mtu achonge hapo jina la mchumba wake. Na kwa kila kundi, hata likiwa limechoka, hata likiwa na watu wawili, semeni kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha nyingine mnazoweza. Mama mzee hakuwa na meno mawili ya mbele, juu, na kwenye pindo la kitenge alikuwa amefunga funguo mbili. Mwanaume wa kwanza suruali yake ilikuwa na kiraka gotini, kilichoshonwa kwa uzi wa manjano, kwa mkono wa mtu anayejua kushona. Wa pili alikuwa mfupi, mnene wa shingo, na kidole kidogo cha mkono wa kuume hakikuwa na kucha. Mtoto wa kiume alikuwa na shanga moja nyeupe kwenye uzi kiunoni, na paji lake la uso lilikuwa pana.

Mkiyasema hayo, msiangalie ziwa. Angalieni nyuso za wanaosikiliza, moja moja, hadi ya mwisho.